Uhakika wa mashine inayokumbuka: kipimo kipi kinafaa akiba ndogo ya visa?

Afisa ugani mzoefu anapooneshwa jani la muhogo lenye madoa ya njano haanzi kwa kufungua kitabu. Hulipindua jani, hutafuta inzi weupe upande wa chini, huuliza pingili za kupandia zilitoka kijiji gani, kisha hukumbuka shamba aliloliona misimu miwili iliyopita lenye dalili za namna hiyo, na yaliyotokea kule ndiyo yanayomwongoza hapa. Kufikiri huku kwa visa vilivyopita ndiko ambako mtafiti wa akili bandia Roger Schank na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Yale, akiwemo Janet Kolodner, walianza kuifundisha kompyuta miaka ya 1980. Mwaka 1994 watafiti Agnar Aamodt na Enric Plaza walieleza kufikiri huko kwa hatua nne zinazofuatwa hadi leo: kutafuta kisa kinachofanana, kutumia jibu lake, kulisahihisha, na kuhifadhi kisa kipya ili kifae siku nyingine.

Kati ya hatua ya pili na ya tatu kuna swali ambalo hatua zenyewe hazilijibu: je, jibu lipelekwe kwa mkulima kama lilivyo, au lisubiri mtu aende shambani? Hapo ndipo kipimo cha uhakika kinapohitajika, na hapo ndipo nimeona watu wengi wakichukua tarakimu ya kwanza inayotolewa na programu na kuiita uhakika. Ulinganisho huu ni wa njia tano za kuipata tarakimu hiyo, na umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye visa mia chache, si malaki.

Nimechagua muhogo kwa sababu makosa yake yanaonekana na yanauma. Ugonjwa wa batobato, uliotajwa kwa mara ya kwanza na wataalamu mwaka 1894 katika milima ya Usambara, hukunja na kudumaza majani kiasi kwamba hata mgeni hushtuka. Michirizi kahawia, ambayo H. H. Storey wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani aliieleza mwaka 1936, ni ya siri zaidi: jani halijikunji, njano hufuata mishipa ya majani ya chini, na mara nyingine shina husimama kijani huku mizizi ikiwa imeoza ndani kwa madoa makavu ya kahawia. Mkulima anayeambiwa kimakosa kwamba shamba lake ni zima hukata pingili na kuwagawia majirani, na msimu unaofuata ugonjwa umeingia kwenye mashamba matano badala ya moja.

Tuchukue mashamba mawili ya mfano. Namba ni zangu, nimezitunga ili tofauti zionekane. Kwa kila shamba programu imetafuta visa vitano vinavyofanana nalo zaidi katika akiba yake ya visa vilivyohifadhiwa (visa hivi huitwa majirani), na ufanano unapimwa kuanzia 0 hadi 1. Shamba la kwanza limepata visa vya ufanano 0.91, 0.90, 0.88, 0.86 na 0.61, cha kwanza, cha tatu na cha nne vilikuwa michirizi kahawia, cha pili na cha tano vilikuwa batobato. Shamba la pili limepata 0.47, 0.46, 0.44, 0.44 na 0.43, vyote batobato, na kisa cha karibu zaidi kisicho cha batobato, yaani jirani kinzani, kiko kwenye 0.22.

| Kipimo | Shamba la kwanza | Shamba la pili |
|---|---|---|
| Jibu la programu | Michirizi kahawia | Batobato |
| Ufanano wa kisa cha karibu zaidi | 0.91 | 0.47 |
| Kura za majirani watano | 3 kati ya 5 | 5 kati ya 5 |
| Kura zilizopimwa kwa ufanano | 64% | 100% |
| Uwiano na jirani kinzani | 1.01 | 2.14 |

Ukisoma mstari wa ufanano peke yake, shamba la kwanza ndilo lenye uhakika. Ukisoma mistari mitatu inayofuata, ni la pili. Mkanganyiko huu hautokani na hesabu mbovu. Vipimo hivi vinajibu maswali mawili tofauti, na mtu asiyeyatenganisha atachagua vibaya hata akiwa na programu nzuri kiasi gani. Swali la kwanza ni kama tumewahi kuona kitu cha namna hii. La pili ni kama wale tuliowahi kuwaona wanakubaliana.

Ufanano, kura na jirani kinzani

Ufanano wa kisa cha karibu zaidi ndicho kipimo rahisi kuliko vyote, na wataalamu wengi hukidharau. Kinajibu swali la kwanza tu. Katika shamba la kwanza kinasema 0.91 na kunyamaza kuhusu kisa cha batobato kilicho nyuma yake kwa 0.01, tofauti ambayo mvua ya jana au jicho la mtu aliyejaza fomu linaweza kuigeuza. Lakini katika shamba la pili ndicho pekee kinachopiga kengele. Ufanano wa 0.47 unamaanisha kwamba akiba haina kisa cha aina hii: pengine ni utitiri wa kijani, ambao madoa yake kwenye majani machanga huweza kudhaniwa batobato, na pengine ni upungufu wa madini udongoni. Kasoro yake kubwa ni kwamba 0.91 si asilimia ya kitu chochote. Ukibadilisha uzito wa sifa moja, kwa mfano umri wa mmea, namba zote hupanda au kushuka bila shamba kubadilika.

Kura za majirani hujibu swali la pili. Zinaeleweka upesi, na mkulima mwenyewe anaweza kuelezwa kwamba kati ya mashamba matano yaliyofanana na lake matatu yalikuwa na michirizi. Kwa shughuli ya kila siku napendelea zipimwe kwa ufanano, ili kisa cha mbali kisiwe na sauti sawa na cha karibu. Ndivyo 60% ya shamba la kwanza inavyokuwa 64%. Hatari yake imo kwenye safu ya shamba la pili katika jedwali. Majirani watano walio mbali wote wanaweza kukubaliana kabisa juu ya kitu wasichokijua. Zaidi ya hayo, akiba iliyokusanywa eneo lenye batobato kwa wingi itatoa kura za batobato hata pale ambapo ushahidi ni mdogo, kwa sababu tu visa hivyo ndivyo vilivyojaa kwenye kapu.

Jirani kinzani ni kisa kilicho karibu zaidi na shamba jipya lakini chenye jibu tofauti na lile lililochaguliwa. Ukigawanya ufanano wa jirani wa karibu anayekubaliana na jibu kwa ufanano wa jirani kinzani, unapata uwiano unaoonesha umekaa umbali gani kutoka mpakani. Shamba la kwanza lina 1.01, yaani limesimama juu ya mpaka wenyewe. Kwa kutofautisha magonjwa mawili yanayofanana, nakiona kipimo hiki kuwa bora kuliko kura, kwa kuwa kinaangalia pale ambapo kosa linaweza kutokea badala ya kuhesabu wingi. Nacho, hata hivyo, hudanganywa na shamba la pili sawasawa na kura: 0.47 ni mbali, lakini 0.22 ni mbali zaidi, na uwiano unatoka mzuri.

Sarah Jane Delany na Pádraig Cunningham, waliofanya kazi Dublin, walikutana na jambo hili katikati ya miaka ya 2000 walipojenga mfumo wa visa wa kuchuja barua pepe taka. Katika kazi hiyo kosa la kuitupa barua halali ni zito kuliko la kuiacha taka ipite, kama vile kwetu kusema shamba ni zima kulivyo kuzito kuliko kumtuma mtu bure. Walijaribu vipimo kadhaa vinavyotokana na majirani, vikiwemo uwiano na wastani wa ufanano, wakaona kwamba hakuna kimoja kilichofaa kwa masanduku yote ya barua, na hatimaye wakavikusanya viamue kwa pamoja. Ninaamini huo ndio mwelekeo sahihi kwa akiba ndogo pia, ila kwa muhogo ningeshika sharti kali zaidi: jibu lisitoke bila ufanano na uwiano kupita vizingiti vyote viwili, kila kimoja kwa swali lake.

Kuuliza historia

Vizingiti hivyo viwekwe wapi? Kubuni 0.8 kwa sababu inapendeza ni mazoea yaliyoenea, na ni mazoea mabaya. Njia ya nne ni kuiachia akiba yenyewe ijibu. Unatoa kisa kimoja, unakiuliza kwa visa vilivyobaki kana kwamba ni kigeni, unaandika namba za vipimo na kama jibu lilikuwa sahihi, kisha unakirudisha na kutoa kingine. Visa 200 vinakupa majaribio 200 bila safari hata moja. William Cheetham wa General Electric, kampuni iliyotumia visa vya zamani kupata mchanganyiko wa rangi za plastiki, alichapisha mwaka 2000 kazi iliyotafuta kwa njia ya namna hii ni viashiria gani hasa vinatenganisha majibu sahihi na yasiyo sahihi. Katika rangi ana bahati ambayo sisi hatuna, kwa kuwa kipande cha plastiki hupimwa kwa chombo na jibu hujulikana siku hiyo hiyo, ilhali mizizi ya muhogo husubiri miezi.

Faida ya njia hii ni kwamba namba inaanza kuwa na maana. Ikiwa katika majaribio yote ambayo uwiano ulizidi 1.3 jibu lilikuwa sahihi mara 45 kati ya 50, basi unaweza kusema 90% na mtu akakuelewa. Hapo ndipo gharama inapoweza kuingia kwenye hesabu, kama mtafiti C. K. Chow alivyoonesha mwaka 1970: ikiwa kosa linagharimu mara kumi ya safari ya afisa ugani, jibu litolewe bila safari pale tu ambapo uwezekano wa kosa ni chini ya moja ya kumi. Kanuni hiyo haina nguvu yoyote juu ya 0.91 ya ufanano mtupu. Unaweza pia kuukagua ukweli wa namba zako kwa alama ambayo Glenn Brier aliipendekeza mwaka 1950 kwa watabiri wa hali ya hewa: mfumo uliosema 0.9 ukakosea hutozwa 0.81, uliosema 0.6 ukakosea hutozwa 0.36, na uliosema 0.9 ukapatia hutozwa 0.01. Anayejigamba na kukosea huumia zaidi, na ndivyo inavyostahili.

Kuna mtego mmoja hapa ambao nataka kukaa nao kidogo, kwa sababu nimeuona ukiharibu kazi iliyofanywa kwa bidii. Visa havikusanywi kimoja kimoja. Mtu huenda kijijini asubuhi, hutembelea mashamba manane yaliyopandwa pingili za asili moja, na kurudi na fomu nane zinazofanana kama watoto pacha. Ukitoa fomu moja na kuiuliza, ndugu zake saba wamebaki ndani na watalijibu swali bila shida. Mfumo utaonekana hodari, nawe utaandika asilimia za kupendeza, hadi siku utakapoupeleka kijiji kingine. Dawa ni kutoa kijiji kizima kwa pamoja, na kukiuliza kwa vijiji vingine. Namba zitashuka, pengine sana, lakini ndizo za kweli, kwa kuwa mkulima atakayekuja kesho atatoka kijiji ambacho hakimo kwenye akiba.

Uchache wa visa nao uheshimiwe. Majaribio 30 bila kosa hayathibitishi kwamba mfumo haukosei. Kwa kanuni ya takwimu ya kugawa tatu kwa idadi ya majaribio, kiwango halisi cha makosa bado kinaweza kufika takribani 10%, na ili kushuka hadi karibu 1% yanahitajika majaribio 300 safi. Anayegawa visa vyake 200 katika makundi kumi ya uhakika anabaki na visa 20 kwa kundi, na asilimia zinazotoka humo zinayumba mno. Makundi matatu yanatosha: jibu litoke, jibu litoke pamoja na onyo, mtu aende.

Njia yenye dhamana

Njia ya tano ni utabiri wa konfomali, ulioendelezwa na Vladimir Vovk na Alex Gammerman wa Royal Holloway, London, pamoja na wenzao. Badala ya jibu moja lenye asilimia, mfumo hutoa seti ya majibu: pengine «michirizi» peke yake, pengine «michirizi au batobato», na pengine seti tupu isiyo na jibu. Ukiomba 95%, hisabati inakuhakikishia kwamba kwa wastani seti itakuwa na jibu la kweli angalau mara 95 katika 100. Kwa shamba letu la kwanza seti yenye magonjwa yote mawili ndiyo kauli ya uaminifu zaidi kuliko 64%, kwa sababu inamwambia afisa achimbe mzizi mmoja atazame.

Dhamana hiyo ina masharti, na wauzaji wa teknolojia huyapita haraka. Kwanza, inahitaji visa vya kutosha vya kupimia: kwa 95% huwezi kuondoa jibu lolote kwenye seti ukiwa na visa chini ya 19, na ukitaka dhamana kwa kila ugonjwa peke yake unahitaji angalau 19 vya kila ugonjwa. Pili, lazima uchague jinsi ya kupima ugeni wa kisa. Ukipima kwa umbali (1 kutoa ufanano) wa jirani anayekubaliana ukigawanywa kwa umbali wa jirani kinzani, shamba la kwanza linapata 0.90 na la pili 0.68, yaani lile tusilolijua kabisa linaonekana la kawaida zaidi kuliko lile lililo mpakani. Kosa la zamani limeingia tena kwa mlango wa nyuma. Tatu, na hili ndilo zito, dhamana inadai kwamba visa vya kesho vitoke chanzo kile kile cha visa vya jana.

Historia ya michirizi kahawia yenyewe inaonesha sharti hilo linavyovunjika. Kwa miongo mingi ugonjwa huu ulijulikana kama wa pwani na nyanda za chini, na maeneo ya zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari yalihesabiwa kuwa salama. Kuanzia mwaka 2004 hivi ukaanza kuenea Uganda, katika maeneo ya juu ya kimo hicho. Hebu fikiria akiba ya visa iliyokusanywa kabla ya hapo, yenye mwinuko kama mojawapo ya sifa. Ingekuwa imejifunza kutokana na ukweli mtupu kwamba huko juu hakuna michirizi, ingeleta majirani wa batobato, na kura, uwiano, historia na konfomali vyote vingekubaliana kwa sauti moja. Ufanano wa kisa cha karibu ndio ambao huenda ungeshuka kidogo, ikiwa tu mtu alikuwa ameandika umbo la njano kwenye majani ya chini kama sifa inayojitegemea.

Nani achukue kipi

Mwenye visa chini ya 100 asihangaike na asilimia. Atumie ufanano na uwiano kwa pamoja, avipe vizingiti vikali, na aoneshe kisa chenyewe kilicholeta jibu, pamoja na jirani kinzani, ili afisa aamue kwa macho yake; picha mbili kando kwa kando zina msaada kuliko 87% isiyo na msingi. Mwenye visa mia kadhaa kutoka vijiji vingi aongeze jaribio la kutoa kijiji kizima, na aseme asilimia kwa makundi matatu tu. Konfomali ningeipendekeza kwa mwenye visa vya kutosha vya kila ugonjwa, anayepokea vipya kila msimu, na mwenye mtu wa kukagua kama chanzo kimebadilika. Asiye na mtu huyo atapata dhamana ya karatasi. Kura peke yake singezipendekeza kwa yeyote, ingawa ndizo zinazokuja tayari kwenye programu nyingi.

Kuna jambo moja linalovihusu vipimo vyote vitano, nalo ni hatua ya nne ya Aamodt na Plaza, ile ya kuhifadhi. Kila mara mfumo unapotoa jibu na jibu hilo likaingizwa kwenye akiba kabla halijathibitishwa, kisa kipya kinakuwa jirani anayelipigia kura kosa lililomzaa. Uhakika unapanda mwezi hadi mwezi bila mtu kujifunza chochote, na jaribio la kutoa kisa kimoja halitaona kitu, kwa sababu majibu yote yametoka kinywa kimoja. Katika fomu ya visa vya muhogo inatosha kuongeza safu moja, yenye swali «mzizi umechimbwa na kukatwa?», na kuiamuru programu isimhesabu katika kipimo cha uhakika jirani yeyote ambaye safu yake ni tupu. Wakati wa mavuno afisa anarudi na kisu, anakata mizizi mitatu kutoka pembe tofauti za shamba, anaandika alichokiona, na ndipo kisa kinapopata haki ya kuhesabiwa.